Kinachoingia na Kinachotoka: Uundaji wa Kikokotoo cha Urari wa Masi Katika Wavuti

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii kwa kawaida huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeandika anachonunua wala anachouza, akaja kushtukia mtaji umekwisha na asijue umepitia mlango gani. Yupo hata hivyo mtu mwingine ambaye methali hii yamfaa vilevile, naye ni mhandisi wa kemia. Mali yake ni maada: juisi, mvuke, chumvi, tope na gesi. Daftari lake huitwa urari wa masi, yaani hesabu inayoonyesha kwamba kila kilo iliyoingia katika mtambo imetoka mahali fulani au ingali imo ndani.

Kwa muda mrefu daftari hilo liliandikwa kwa kalamu. Baadaye likaandikwa katika lahajedwali na katika programu kubwa zinazouzwa kwa bei ambayo mwanafunzi au kiwanda kidogo hakiimudu. Siku hizi inawezekana kuliunda kama ukurasa wa wavuti ambao mtu yeyote mwenye tarakilishi au simu anaweza kuufungua na kuutumia. Makala hii inaeleza jinsi chombo cha namna hiyo kinavyoundwa, kwa kutumia mfano wa kiwanda cha sukari. Hoja yake kuu ni kwamba ukokotoaji wenyewe ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu nzito ni kukifanya chombo kiwe mwaminifu: kitoe jibu pale tu jibu lilipo, na kiseme wazi pale ambapo hesabu haikubali.

Sheria Iliyo Msingi wa Hesabu

Urari wa masi husimama juu ya sheria ya uhifadhi wa masi, kwamba katika mabadiliko ya kikemia maada haiumbwi wala haiangamizwi, bali hugeuka umbo tu. Sheria hii huhusishwa sana na Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyeieleza katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789. Lavoisier alikuwa mwanasayansi, lakini pia alikuwa mshirika katika kampuni ya watoza ushuru wa mfalme, na ni kazi hiyo ya pili iliyomfikisha kwenye gilotini tarehe 8 Mei 1794. Si ajabu basi kwamba mtu aliyezoea vitabu vya fedha aliingia maabara na mizani mkononi, akadai pande mbili za jaribio zilingane kama zinavyolingana pande mbili za daftari.

Kwa muhtasari, sheria hiyo huandikwa hivi:

Kinacholimbikizwa = kinachoingia − kinachotoka + kinachozalishwa − kinachotumika

Iwapo kiwanda kinafanya kazi kwa utulivu, matangi yake hayajai wala hayapungui, kinacholimbikizwa huwa sifuri. Iwapo hakuna mmenyuko wa kikemia, hakuna kinachozalishwa wala kinachotumika, na hapo mlinganyo hubaki mfupi kabisa: kinachoingia ni sawa na kinachotoka.

Ni muhimu kutambua kwamba kinachohifadhiwa ni masi, wala si ujazo. Mtu akichanganya mililita 50 za maji na mililita 50 za spiriti safi, hapati mililita 100 kamili. Hupata pungufu kidogo, kwa sababu molekuli za vimiminika hivyo viwili hujipanga kwa kubanana zaidi. Akivipima kwa mizani, hata hivyo, gramu haitapungua hata moja. Kwa hiyo kikokotoo chochote kinachojumlisha lita badala ya kilo kimekwisha kukosea kabla hakijaanza.

Vilevile, mahali penye mmenyuko, jumla ya masi huhifadhiwa ingawa kila kitu kwa nafsi yake hakihifadhiwi. Mjini Muhoroni, kwa mfano, spiriti hutengenezwa kutokana na molasi, yaani ile shira nyeusi ibakiayo baada ya sukari kutolewa. Hamira inapokula kilo 180 za glukosi, huweza kutoa si zaidi ya kilo 92 za alkoholi. Kilo 88 zilizosalia huwa gesi ya kabonidayoksaidi inayopanda hewani. Msimamizi asiyeiweka gesi hiyo katika daftari lake atadhani karibu nusu ya mali imeibwa.

Mfano wa Kiwanda cha Sukari

Katika maeneo ya Magharibi mwa Kenya na Nyanza, miwa hufika kiwandani kwa trela na kupimwa kwenye mizani ya langoni. Kwa miaka mingi ni tani hizo ndizo zilizoamua malipo ya mkulima. Ndani ya kiwanda, miwa hukatwakatwa na kukamuliwa kwa vinu, huku maji yakinyunyizwa ili kuosha utamu uliosalia kwenye nyuzi. Juisi huelekea upande mmoja, na makapi huelekea upande mwingine ambako huchomwa katika tanuri za kuzalisha mvuke. Kisha juisi husafishwa na kuchemshwa hadi iwe shira nzito.

Tuseme kwa saa moja huingia tani 100 za miwa na tani 25 za maji ya kuoshea. Miwa hiyo ina asilimia 15 ya nyuzi, asilimia 15 ya vitu vilivyoyeyuka (sukari ikiwa sehemu kubwa ya hivyo), na asilimia 70 ya maji. Makapi yanayotoka yamepimwa maabara yakaonekana kuwa na asilimia 50 ya nyuzi, asilimia 48 ya maji na asilimia 2 ya vitu vilivyoyeyuka. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini haziko mbali na zile za viwanda halisi.

Je, makapi ni tani ngapi? Ufunguo ni nyuzi. Nyuzi hazina njia nyingine ya kutokea isipokuwa makapi. Zimeingia tani 15, nazo ni nusu ya makapi. Kwa hiyo makapi ni tani 30. Jumla ya vilivyoingia ni tani 125, kwa hiyo juisi ni tani 95. Vitu vilivyoyeyuka viliingia tani 15, vikatoka tani 0.6 pamoja na makapi, hivyo katika juisi mna tani 14.4, sawa na asilimia 15.2 hivi. Tukiacha kando hatua ya kusafisha, juisi hiyo ikichemshwa hadi iwe shira yenye asilimia 60 ya vitu vilivyoyeyuka, shira itakuwa tani 24, na tani 71 za maji zitakuwa zimepanda kama mvuke.

Kwa vipimo vichache tu, mhandisi amejua uzito wa makapi ambayo hayakupita kwenye mizani yoyote, na wa mvuke ambao hakuna awezaye kuuweka kwenye mizani. Huo ndio uwezo wa urari wa masi, na ndiyo sababu hesabu hii hufundishwa mwanzoni kabisa mwa masomo ya uhandisi wa kemia.

Sababu za Kuchagua Wavuti

Hesabu iliyo hapo juu yaweza kufanywa kwenye karatasi. Kiwanda halisi hata hivyo kina hatua nyingi na mikondo mingi, na baadhi ya mikondo hurudi nyuma. Lahajedwali, ambazo zilianza kuenea baada ya programu ya VisiCalc kutolewa mwaka 1979, zilirahisisha kazi hiyo, lakini zina kasoro moja kubwa: kanuni hujificha ndani ya visanduku. Mtu akibadilisha kisanduku kimoja kwa bahati mbaya, jedwali huendelea kutoa tarakimu nadhifu zisizo na ukweli. Programu kubwa za kuigiza viwanda nazo zina historia yake. Mradi wa ASPEN ulianzishwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1976, na mwaka 1981 kampuni ikaundwa kutokana nao. Programu za aina hiyo hufanya mengi, lakini huhitaji leseni na mafunzo.

Ukurasa wa wavuti hauhitaji kusakinishwa. Aidha, tangu lugha ya JavaScript ilipobuniwa mwaka 1995, kivinjari chenyewe kinaweza kukokotoa. Jambo hili lina manufaa mawili. Kwanza, data ya kiwanda haihitaji kusafirishwa hadi kwenye seva ya mtu mwingine. Hesabu hufanyika katika mashine ya mtumiaji. Pili, ukurasa unaweza kuundwa kwa namna ambayo, ukishapakuliwa, huendelea kufanya kazi hata mtandao unapokatika, jambo ambalo si geni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi mbali na miji mikubwa.

Kutoka Mchoro Hadi Milinganyo

Hatua ya kwanza ya mwundaji ni kumwezesha mtumiaji kuchora. Kila hatua ya kiwanda huwa kisanduku, na kila mkondo huwa mshale. Kuzunguka kisanduku huchorwa mpaka, na kinachohesabiwa ni kile kinachovuka mpaka huo tu. Mpaka waweza kuzunguka kinu kimoja au kiwanda kizima. Sheria ni ile ile.

Hatua ya pili ni kugeuza mchoro kuwa milinganyo. Hapa pana mtego. Mwundaji asiye na uzoefu hutaja kila mkondo kwa vitu viwili: jumla ya tani zake na asilimia ya kila kijenzi. Akifanya hivyo, juisi isiyojulikana wingi wala utamu huleta mlinganyo wenye visivyojulikana viwili vinavyozidishana, na milinganyo ya namna hiyo ni migumu kutatua. Njia bora ni kutaja kila kijenzi kwa tani zake: tani za nyuzi, tani za vitu vilivyoyeyuka, tani za maji. Hapo milinganyo yote huwa ya kujumlisha na kutoa. Hata sharti la kwamba shira iwe na asilimia 60 huandikika kwa urahisi: vitu vilivyoyeyuka ni sawa na 0.6 mara jumla ya vitu hivyo na maji yake. Milinganyo ya aina hii hutatuliwa kwa kuondoa kisichojulikana kimoja baada ya kingine, njia iliyopewa jina la Gauss ingawa Wachina waliifahamu karne nyingi kabla yake. Kwa tarakilishi, milinganyo mia kadhaa ya namna hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Njia hii hutatua pia tatizo la mikondo inayorudi. Katika usafishaji wa juisi, uchafu hutuama ukawa tope. Tope huchujwa, na juisi inayopatikana hurudishwa nyuma ili isafishwe tena. Kwa hiyo kinachoingia katika tangi la kusafishia hutegemea kinachotoka humo humo. Anayehesabu kwa kalamu hulazimika kukisia, kuhesabu, kisha kusahihisha kisio lake mara kadhaa. Kikokotoo kinachotatua milinganyo yote kwa pamoja hakihitaji kukisia.

Mikondo inayorudi inafundisha jambo jingine. Kitu kinachozunguka bila kupata mlango wa kutokea hulimbikizana. Katika kiwanda cha sukari, uchafu usioganda kuwa chembe hutokea kwa njia ya molasi. Mchoraji akisahau kuuchora mkondo wa molasi, milinganyo haitakuwa na jibu, na kikokotoo hakina budi kumweleza ni kijenzi kipi kilichofungiwa ndani.

Kuhesabu Visivyojulikana

Kabla ya kutatua chochote, chombo kinapaswa kuhesabu visivyojulikana na milinganyo. Katika mfano wa vinu, visivyojulikana ni vitatu: tani za makapi, tani za juisi, na utamu wa juisi. Milinganyo nayo ni mitatu: wa nyuzi, wa vitu vilivyoyeyuka, na wa maji. Idadi zinalingana, na jibu ni moja tu.

Wengi hudhani kwamba mlinganyo wa jumla, ule wa tani 125, ni wa nne. La hasha. Mlinganyo wa jumla ni ile mitatu iliyojumlishwa. Hauleti habari mpya, kama vile shahidi anayerudia maneno ya mwenzake asivyoongeza ushahidi. Programu inayouhesabu kuwa wa nne itamwambia mtumiaji kwamba ana habari za kutosha ilhali hana.

Tuchukulie maabara haikupima maji ya makapi, ikapima nyuzi tu. Tani za makapi bado zitajulikana kuwa 30, na juisi kuwa 95, lakini utamu wa juisi hautajulikana, kwa maana haijulikani ni kiasi gani cha utamu kilichokwenda na makapi. Kikokotoo kibaya hapa hufanya moja kati ya mambo mawili: huandika neno "kosa" na kunyamaza, au hujaza sifuri mahali pasipojulikana na kutoa jibu la uongo. Kikokotoo kizuri hutoa kinachojulikana, kisha husema ni kipimo gani kinachokosekana ili kilichosalia kijulikane.

Vizio vya Kupimia

Mswahili wa kale alijua kwamba kutaja idadi bila kipimo ni kusema nusu ya neno. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Anayesema "nipe nne" bila kutaja nne za nini atapewa chochote. Katika uhandisi, kosa hilo linaweza kuangusha ndege. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Mafuta yalikuwa yamepimwa kwa lita, na ili kupata uzito wake lita zilizidishwa kwa 1.77, tarakimu inayotoa ratili, badala ya 0.8 hivi, inayotoa kilo. Ndege ikapaa na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika. Marubani waliiteremsha bila injini katika uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote 69 wakasalimika.

Funzo kwa mwundaji ni kwamba hakuna tarakimu inayopaswa kuingia katika chombo bila kizio chake. Hata neno "tani" halitoshi: tani ya kawaida ni kilo 1,000, ya Kimarekani ni kilo 907 hivi, na ya Kiingereza ya zamani ni kilo 1,016 hivi. Asilimia nayo yaweza kuwa ya masi, ya ujazo au ya moli. Chombo kinapaswa kuuliza, kihifadhi kila kitu kwa kilo ndani yake, na kionyeshe matokeo kwa kizio alichokichagua mtumiaji.

Sifuri Isiyo Sifuri

Tarakilishi huhifadhi nambari kwa tarakimu mbili, sifuri na moja, na nambari nyingi za desimali haziandikiki kikamilifu kwa njia hiyo. Ukiuliza kivinjari jumla ya 0.1 na 0.2, kitajibu 0.30000000000000004. Kwa sababu hiyo, chombo kinachodai kwamba kinachoingia kutolewa kinachotoka kiwe sifuri kamili kitalalamika hata pale ambapo hesabu ni sahihi. Ni lazima pawe na kiwango cha uvumilivu.

Lakini uvumilivu ni wa aina mbili, na hazifai kuchanganywa. Upo wa kukokotoa, ambao unapaswa kuwa mdogo sana, pengine sehemu moja kwa bilioni. Upo pia wa vipimo, kwa kuwa mizani na mita za kiwandani hukosea kwa asilimia moja au zaidi. Mwundaji akivichanganya, akaruhusu asilimia moja kila mahali, atakuwa ameruhusu tani 1.25 kila saa kupotea katika vinu vya mfano wetu bila chombo kusema neno. Kwa siku moja hizo ni tani 30.

Vipimo Vinapopingana

Hapa ndipo chombo hujaribiwa kwa kweli. Tuseme sasa juisi nayo imepimwa kwa mita, na mita ikaonyesha tani 93 badala ya 95. Zimeingia tani 125. Zimeonekana tani 30 na tani 93. Tani mbili hazionekani.

Njia rahisi, tena inayovutia, ni kuutupia tofauti hiyo mkondo usiopimwa moja kwa moja. Makapi kwa kawaida hayapimwi kwa mizani. Hupatikana kwa kutoa. Basi programu husema: 125 kutoa 93 ni 32, makapi ni tani 32, na urari umefungwa. Ukurasa unapendeza, kila mtu ameridhika. Lakini nyuzi zinakataa. Tani 15 za nyuzi katika tani 32 za makapi ni asilimia 46.9, ilhali maabara ilipata 50. Jumla imefungwa kwa nguvu. Kijenzi kimetoboa siri.

Yawezekana mita ya juisi ina kasoro. Yawezekana pia kwamba mahali fulani chini ya vinu pana bomba linalovuja, na tani mbili za juisi zinaingia mferejini kila saa. Kwa siku, hizo ni tani 48, zenye zaidi ya tani saba za vitu vilivyoyeyuka, sehemu kubwa ikiwa sukari. Mferejini sukari hiyo haina bei, ila inapofika mtoni huwa chakula cha vijidudu. Navyo vikiila hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki wakakosa pumzi. Anayevua chini ya mto huo hajui habari za urari wa masi, lakini ni yeye anayelipia urari uliofungwa kwa hila.

Wahandisi wana njia halali ya kupatanisha vipimo vinavyopingana. Kuehn na Davidson waliieleza mwaka 1961: kila kipimo hurekebishwa kidogo, kile kinachoaminika zaidi kikirekebishwa kidogo zaidi, hadi milinganyo yote itimie. Kikokotoo cha wavuti kinaweza kufanya hivyo kwa sekunde. Sharti ni kwamba kionyeshe kila kipimo kilivyokuwa, kilivyorekebishwa, na kwa kiasi gani. Iwapo kipimo kimoja kimelazimika kusogezwa mbali kuliko kosa lake la kawaida, chombo kinapaswa kupaza sauti. Hakiwezi kujua kama kosa ni la mita au la bomba. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye tochi atakayeshuka chini ya vinu kutazama. Kazi ya chombo ni kumtuma.

Lugha ya Chombo

Wasomaji wa Kiswahili watauliza kama chombo hiki chaweza kuzungumza lugha yao. Istilahi zipo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Maneno kama vile urari, mkondo, kijenzi, mpaka na kizio yanatosha kuibeba hesabu nzima. Mzozo mdogo uko kwenye masi, ambayo wengine huiita tungamo na watu wa kawaida huiita uzito. Fizikia hutofautisha masi na uzito, na chombo cha kisayansi kinapaswa kufuata tofauti hiyo.

Ugumu uko katika sarufi. Waandishi wa programu wamezoea Kiingereza, ambamo sentensi moja hutumika kwa umoja na wingi kwa kuongeza herufi mwishoni mwa jina. Katika Kiswahili upatanisho hupita sentensi nzima: mkondo mmoja haujulikani, mikondo mitatu haijulikani, kijenzi kimoja hakijulikani. Mwundaji anayebandika nambari katika sentensi moja tu atapata Kiswahili cha kuchekesha. Hana budi kuandika kila ujumbe mara mbili, na kwa kila ngeli.

Nukta nayo yataka uangalifu. Nchini Kenya, 1,250 husomwa elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa msemaji wa Kiswahili aliyesomea Kongo au Burundi, ambako hesabu hufuata desturi ya Kifaransa, mkato ni alama ya desimali, na tarakimu hiyo hiyo ni moja na robo. Chombo kisichouliza kinaweza kukosea mara elfu nzima bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi wala ya hesabu.

Hitimisho

Makala hii imeeleza msingi wa urari wa masi na hatua za kuunda kikokotoo chake katika wavuti: kuchora, kugeuza mchoro kuwa milinganyo, kuhesabu visivyojulikana, kulinda vizio, kuweka viwango vya uvumilivu, na kupatanisha vipimo. Ni vyema kukumbuka kwamba urari una mipaka yake. Hausemi ni moto kiasi gani unaohitajika kuzigeuza tani 71 za maji kuwa mvuke. Hiyo ni hesabu ya nishati. Tena makosa mawili yanayofutana huweza kuufanya urari ulingane ilhali tarakimu zote mbili ni mbovu. Kulingana kwa hesabu ni sharti la ukweli, lakini si uthibitisho wake.

Pamoja na hayo, urari usiolingana husema kweli daima: kuna kitu hakijaonekana. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuunda chombo kama hiki na aanze na vinu viwili na tarakimu anazoweza kuzihakiki kwa kalamu. Akiona jumla haifungi, asiharakishe kuifunga. Na atafute kwanza kilo zilikopitia.